Mwananchi wa Kawaida Aliishia Malaba

Kila siku unasema "boda" na pengine hujawahi kujiuliza neno limetoka wapi. Limetoka huku, Busia na Malaba. Miaka ya 1960 na 1970, basi la Kenya lilikushusha upande wa Kenya, na la Uganda lilikungoja upande wa Uganda. Katikati ya vituo viwili palikuwa na kipande cha ardhi ambacho hakikuwa cha mtu, na ulipaswa kukitembea kwa miguu, jua kichwani, mzigo begani. Vijana wenye baiskeli wakaona kazi. Wakafunga kiti cha sponji nyuma, wakawa wanaita abiria: boda-boda! Toka mpaka hadi mpaka. Leo neno hilo liko Kampala, Kigali, Dar na Nairobi, na baiskeli imegeuka pikipiki.

Hilo ni wazo moja lililozaliwa mpakani na likavuka. Kuna lingine lililofika hapo hapo likakwama: kwamba mfanyakazi ni mfanyakazi, awe anakula upande huu au upande ule. Watu walifungwa kwa ajili yake. Serikali tatu za Afrika Mashariki zilijenga siasa zao juu ya jina la huyo mfanyakazi. Lakini mwaka 1970, wale waliomsifu kwa sauti kubwa kuliko wote ndio waliomwambia afunge virago.

Tuanze na ardhi yenyewe. Ukitoka Busia mjini ukashika barabara ya kuelekea Mumias utapita Nambale, nchi ya Wakhayo. Sasa hivi ni Kenya bila ubishi. Lakini hadi Aprili 1902 sehemu yote hii, hata Kisumu, hata Naivasha, ilikuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Waingereza waliuhamisha kwa barua ili reli yote iwe chini ya utawala mmoja. Mtoto aliyezaliwa Bukhayo mwaka 1900 alizaliwa Uganda, na kabla hajaacha kunyonya vizuri alikuwa ameshahamishiwa nchi nyingine, bila kutoka kwenye boma la baba yake. Wasamia wakabaki huku na huku. Wateso pia. Mpaka ulifuata mito, Sio na Malaba, na mito ya huku si mikubwa kiasi cha kumzuia mtu kwenda kumuona shemeji.

Basi watu wakaendelea kwenda, na sababu kubwa ilikuwa kazi. Kodi ilitakiwa kwa pesa taslimu, na pesa taslimu ilikuwa mahali penye mwajiri. Kenya ya wazungu ilimfunga mwanamume Mwafrika kipande shingoni na kumpeleka kwenye mashamba ya masetla. Uganda haikuwa na masetla wengi. Ilikuwa na pamba, miwa ya Kakira na Lugazi, na kuanzia 1931 ilikuwa na reli iliyofika hadi Kampala kupitia Malaba na Tororo. Baadaye likaja bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa 1954, na viwanda vikalifuata. Kutoka Nambale, Jinja ni karibu kuliko Nairobi. Hesabu ni rahisi: Mluo wa Siaya, Mkhayo wa Nambale na Mnyala wa Port Victoria walipotafuta kibarua, kwenda magharibi hakukuwa kwenda ugenini hivyo.

Na huko hawakwenda kukaa kimya. Mwanaanthropolojia Mwingereza, David Parkin, aliishi na kutafiti katika mitaa ya Nakawa na Naguru, mashariki mwa Kampala, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kitabu chake cha 1969 kinaonyesha mji ambao Waluo na Waluhya kutoka Kenya walikuwa wenyeji kabisa, na vyama vyao vya ukoo, timu zao za mpira na ugomvi wao wa majirani. Walikuwa pia kwenye vyama vya wafanyakazi, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuwasha watu.

Wazo lenyewe lilikuwa la zamani kuliko mataifa haya. Mwaka 1935 kijana wa Kipunjabi aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha chapa cha baba yake Nairobi, Makhan Singh, alianza kuongoza chama cha wafanyakazi kilichoitwa cha Kenya. Miaka miwili baadaye kikabadilisha jina: chama cha wafanyakazi cha Afrika Mashariki. Hebu lisome jina hilo tena. Hakuna bendera bado, hakuna bunge la Mwafrika, hakuna Jomo wala Obote wala Nyerere madarakani, na tayari kuna mtu anayesema kwamba anayebeba mzigo Kampala na anayebeba mzigo Mombasa wanadaiwa mshahara na mfumo mmoja, kwa hiyo wadai pamoja. Mei Mosi 1949 yeye na Fred Kubai wakaunda shirikisho la vyama kwa jina hilo hilo la Afrika Mashariki. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh akasimama akataka uhuru wa nchi zote za Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata wote wawili wakakamatwa, Nairobi ikagoma kwa zaidi ya wiki, na Makhan Singh akapelekwa kizuizini akakaa huko hadi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na ushee.

Mbegu haikufa, ila ilipaliliwa na watu wengine. Wakati wa Vita Baridi kila upande ulitaka mfanyakazi Mwafrika awe wake. Shirikisho la vyama vya nchi za Magharibi likafungua chuo cha viongozi wa wafanyakazi Kampala mwaka 1958, na Wakenya, Watanganyika na Waganda wakasoma darasa moja. Nairobi ikapata jibu lake Desemba 1964, Taasisi ya Lumumba, iliyojengwa kwa msaada wa nchi za kikomunisti ili kuwapika makada wa KANU. Haikumaliza mwaka. Wanafunzi wake walijaribu kuyateka makao makuu ya chama, serikali ikaifunga. Miezi michache kabla ya hapo, Februari 24, 1965, Pio Gama Pinto alikuwa amepigwa risasi nje ya nyumba yake, mtoto wake akiwa ndani ya gari.

Kipindi hicho kina utamu wake kwa anayependa historia, kwa sababu nchi tatu jirani zilikuwa zikibishana juu ya neno moja. Zote zilisema zinataka ujamaa. Kenya ikaandika waraka wake nambari 10 wa 1965, kazi ya wizara ya Tom Mboya, iliyosema ujamaa wa Kiafrika upo lakini mali ya mtu binafsi isiguswe, na kwamba pesa ya maendeleo iwekwe kwanza pale penye mavuno makubwa. Ukitoka Nambale unajua sentensi hiyo iliishia wapi. Tanzania ikaja na Azimio la Arusha, Februari 1967, na kutaifisha mabenki. Uganda ilichelewa kidogo, kisha ikaja kwa kishindo. Oktoba 1969 Milton Obote alitoa hati aliyoiita, kwa Kiingereza, The Common Man's Charter. Tuseme: Hati ya Mwananchi wa Kawaida. Uganda inaelekea kushoto, ikasema. Utajiri wa nchi si wa wachache. Mei Mosi 1970, uwanjani Nakivubo, sikukuu ya wafanyakazi, akatangaza kwamba serikali inachukua asilimia 60 ya makampuni zaidi ya 80: mabenki, bima, viwanda, mashamba makubwa.

Ungekuwa kibarua wa Kikenya umesimama Nakivubo siku ile, ungepiga makofi. Mimi ningepiga. Kila sentensi ya hotuba ilikuwa juu yako.

Miezi mitano baadaye, Oktoba, Uganda ikaanza kuwafukuza wafanyakazi Wakenya. Makadirio yanayotajwa siku zote ni watu wapatao 30,000, wengi wao Waluo, na wengi wakiwa wale wasio na cheti chochote: watu wa mkono, walinzi, wapishi, wakata miwa. Kisheria ilikuwa safi. Sheria ya uhamiaji ya 1969 ilimtaka asiye raia awe na kibali cha kazi, na kibarua wa kawaida hangepata kibali kwa sababu kazi yake yeyote angeweza kuifanya. Soma hiyo hoja mara mbili. Ukawaida wake, ule ule uliomfanya awe shujaa wa hati, ndio uliomnyima haki ya kubaki.

Njia za kurudi hazikuwa nyingi. Ilikuwa gari moshi hadi Malaba, au barabara ya Busia. Tuna methali kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa wameshika jembe miaka kumi, ishirini, wengine walizalia watoto huko. Ndipo wakaambiwa kumbe bado ni wageni.

Kuna wanaomtetea Obote, na utetezi wao si wa kijinga. Vijana wa Uganda walikuwa wanamaliza shule bila kazi. Chama chake cha UPC kilibanwa na Buganda, na yeye mwenyewe alikuwa amepigwa risasi ya mdomo Desemba 1969, akanusurika. Tena, vyama vya wafanyakazi vya Uganda vilikuwa vinaitwa vyama vya Wakenya. Humphrey Luande, aliyeongoza wafanyakazi wa reli na shirikisho la vyama, akawa pia mbunge wa Kampala, alikuwa mwiba kwa serikali kwa miaka, na ilikuwa rahisi kusema migomo inaletwa na watu kutoka ng'ambo ya Malaba. Hapa ndipo ninapoachana na watetezi. Serikali inayosema inajenga nchi ya wafanyakazi ilikuwa na wafanyakazi tayari, waliojipanga, wanaojua kugoma, na iliwaona kama tatizo. Ilitaka mwananchi wa kawaida wa kwenye karatasi, asiyekuwa na katibu wa chama wala madai.

Lakini Kenya isinyooshe kidole. Sisi tulitangulia. Mwaka 1967 Nairobi ilipitisha sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizofanya maelfu ya Wahindi wasio raia wapakie mizigo kwenda Uingereza mwanzoni mwa 1968. Uganda ilipotunga sheria zake za 1969, ilikuwa imepata kielelezo jirani. Na upinzani wetu wa mrengo wa kushoto, KPU ya Odinga na Kaggia, uliopigwa marufuku Oktoba 1969, ulizungumza kwa uchungu juu ya ardhi na wasio nacho wa Kenya. Ulikuwa na haki ya kuzungumza hivyo, lakini hata wao hesabu yao iliishia mpakani. Makhan Singh mwenyewe, aliyetoka kizuizini akakuta hakuna aliyemwekea kiti, alichapisha historia yake ya vyama vya wafanyakazi mwaka 1969. Jina la kitabu linasema ni historia ya vyama vya Kenya. Mwaka 1937 alikuwa ameandika Afrika Mashariki kwenye kibao cha mlangoni. Siwezi kumlaumu kwa hilo. Nchi ilikuwa imekuwa ndogo.

Yaliyofuata yanajulikana zaidi. Januari 25, 1971 Idi Amin akampindua Obote. Agosti 1972 akawapa Waasia siku 90. Dunia ilishtuka, na bado inatengeneza filamu, lakini mtu aliyekuwa Malaba mwaka 1970 hakuwa na sababu ya kushangaa sana. Utaratibu ulikuwa umeshafanyiwa majaribio kwa maskini: taja kundi, lipe muda, lipeleke mpakani. Safari hii baadhi yao walipita kwa treni kwenda Mombasa kutafuta meli, wengi wakiwa wameporwa na wanajeshi njiani. Maduka yao wakapewa wakubwa na washikaji wa wakubwa, watu ambao Waganda waliwabatiza mafuta mingi. Amin naye aliita hiyo vita vya uchumi kwa ajili ya mwananchi. Februari 1976 akakumbuka ile ramani ya kabla ya 1902, akadai magharibi yote ya Kenya hadi karibu na Nairobi. Kwa siku chache Nambale ilikuwa Uganda tena, angalau kwenye redio.

Mpakani wenyewe, watu waliishi kwa kile kilichobaki, nacho kilikuwa magendo. Baridi kali iliharibu kahawa ya Brazili mwaka 1975, bei ya dunia ikapanda hadi 1977, na Uganda ya Amin ilikuwa inawalipa wakulima wake kwa karatasi zisizonunua hata sabuni. Kahawa ikavuka usiku kwa punda, kwa kichwa, kwa baiskeli. Soko la Chepkube, huko Bungoma kaskazini ya hapa, likawa jina la utajiri wa ghafla. Upande wa pili vikaenda chumvi, sukari, sabuni, blanketi. Kuna marafiki zangu wa siasa kali ambao hupenda kuisimulia magendo kama uasi wa watu wa chini dhidi ya dola. Mnisamehe, siikubali. Aliyebeba gunia alipata ya unga. Aliyekuwa na lori na askari mfukoni ndiye aliyejenga ghorofa. Kijana wa boda alikuwa anauza jasho lake kufunika pengo ambalo serikali mbili zililifungua, na nauli yake ilikuwa ndogo kama pengo lenyewe.

Mara ya mwisho mawazo ya kushoto kuitikisa Busia ilikuwa 1987. Museveni alikuwa ameingia Kampala Januari 1986 na mpango wake wa nukta kumi. Alikuwa anabadilishana bidhaa kwa bidhaa na nchi kama Cuba na Libya badala ya kutumia dola, na alitaka kahawa isafirishwe kwa reli badala ya malori ya Wakenya wenye majina mazito. Nairobi ya Moi ilikuwa inawafunga watu kwa madai ya Mwakenya, wengine kwa kushikwa na kijikaratasi tu, na ikaamini Uganda inawapa wapinzani wake hifadhi. Desemba 1987 majeshi ya pande mbili yakarushiana risasi hapa Busia. Mpaka ukafungwa, malori yakajipanga, na mwishoni mwa mwezi Moi na Museveni wakakutana Malaba kuzima moto. Wakati huo Museveni alikuwa ameshapatana na Shirika la Fedha la Kimataifa, na hatujasikia tena juu ya nukta kumi isipokuwa kwenye mitihani.

Leo ukifika Busia utapata kituo kikubwa cha pamoja cha mpakani, kilichozinduliwa na Uhuru na Museveni Februari 2018, ambapo unagongewa mihuri yote miwili chini ya paa moja. Kitambulisho kinatosha kuvuka. Tuna Jumuiya mpya, na tangu Julai 2010 tuna itifaki ya soko la pamoja inayotaja, kwa maneno wazi, uhuru wa wafanyakazi kusafiri na kufanya kazi. Hilo ndilo neno la Makhan Singh, limeandikwa na mawakili.

Serikali nazo zimejifunza kuvuka. Julai 2024, wakati vijana wa Kenya wakiwa bado barabarani baada ya Mswada wa Fedha na vijana wa Kampala wakijaribu kuandamana hadi bungeni kwao, wanachama 36 wa chama cha upinzani cha Uganda, FDC, walikamatwa Kisumu walikokuwa wamekuja kwa mafunzo, wakarudishwa kwao na kushtakiwa kwa ugaidi. Novemba mwaka huo huo Kizza Besigye alitoweka Nairobi, akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi Kampala. Kwa kazi hiyo hakuna aliyeulizwa kibali.

Na mfanyakazi? Nenda kwenye majedwali yaliyoambatishwa kwenye itifaki, sehemu ambayo hakuna anayesoma, ambako kila nchi imeorodhesha kazi inazowafungulia majirani. Utakuta mameneja. Utakuta wataalamu, watu wa digrii. Utakuta mafundi wenye ujuzi wao. Kibarua hayumo: yule wa kukata miwa, wa kubeba mchanga kwenye mjengo, wa kufua nguo za watu Nairobi. Anavuka Busia asubuhi kwa kitambulisho, anasema anaenda sokoni, na afisa anajua, na yeye anajua afisa anajua. Akibaki mjini mwezi mmoja akalipwa mshahara, yuko hapo alipokuwa mwenzake wa Oktoba 1970.